Kiwanja cha Kwapa na Jinsi Wafaransa Walivyoingia Vietnam

CHAMA CHA WASOMAJI, TORORO
Kikao cha Jumamosi, 12 Juni 1954, saa tisa alasiri, katika ghala la Mwenyekiti.

Waliohudhuria: Bw. Swaliki (Mwenyekiti), Mwalimu Benedeta, Bw. Mahmudu (mwenye lori), Bi. Kulusumu, Bw. Okochi (Katibu, karani wa Bomani).
Hakuwapo: Bw. Oguttu, bila taarifa.

KUMB. NA. 1/54: Kufungua
Mwenyekiti alifungua kikao mvua ikinyesha. Aliomba mazungumzo ya Mwalimu yawe mafupi, kwani palikuwa na barua ya kutia sahihi.

KUMB. NA. 2/54: Mazungumzo ya Mwalimu
Mwalimu Benedeta alieleza kwamba mapadri walitangulia Vietnam, na vitabu vyao. Baadaye mtawala kijana aliyenyang'anywa nchi alimwomba askofu Mfaransa amtafutie askari. Katika mkataba wa 1787 Ufaransa iliahidiwa bandari na kisiwa. Ufaransa haikutuma jeshi. Miaka sabini ikapita, mpunga ukipandwa na kuvunwa. Mwaka 1858 manowari za Kifaransa zikatokea pwani, zikidai kuwalinda mapadri. Mwaka 1862 mfalme wa huko akatia sahihi, mikoa mitatu ikaenda kwa Wafaransa.

Mwalimu alisema taratibu, na mvua juu ya mabati ikawa kama mvua ya huko. Bi. Kulusumu alisema alikuwa akiuona mto wao, mpana, rangi ya chai ya maziwa, na watu wameinama majini.

KUMB. NA. 3/54: Barua ya kampuni ya mawe
Mwenyekiti alisoma barua inayoomba kiwanja cha chama huko Kwapa, kilichowekwa kwa ajili ya shule, "kwa muda tu." Alishauri ikubaliwe.

Bw. Mahmudu aliuliza, "Muda gani, Mzee?"

Mwenyekiti alijibu kwamba akitaka anaweza kutia sahihi peke yake, maana ndiye mwenyekiti. Bw. Mahmudu alisema, "Na yule mfalme alikuwa nani? Mpiga ngoma?" Wajumbe walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Katibu alikumbusha kwamba barua ilipitia Bomani, na kwamba ng'ambo ya mpaka, kwenye hali ya hatari, watu wanakamatwa kwa kuipinga serikali. Bi. Kulusumu alimwambia, "Mwanangu, tunajua unafanya kazi wapi. Wewe andika."

Kwa kura tatu dhidi ya moja, kiwanja hakikutolewa. Katibu hakupiga kura.

KUMB. NA. 4/54: Jibu
Iliamuliwa jibu liandikwe papo hapo na kutiwa sahihi na wengi, ili asitafutwe mtu mmoja. Katibu aliomba jina lake lisiwemo, kwani Jumatatu ndiye atakayeipokea barua hiyo Bomani. Mwalimu alisema hakuna atakayemlazimisha, akamwachia kalamu mezani. Wajumbe walingoja. Mvua ilikuwa imekatika. Katibu alitia sahihi, jina la nne.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja na robo.

Mwenyekiti: Swaliki (nimetia sahihi kumbukumbu, si barua)
Katibu: F. Okochi