Permi Yangu na Shamba la Mama Mkwe

Kasongo, mwezi wa sita 1957

Yaya wangu Kassimu,

Baada ya kukusalimu kwa heshima ya mdogo kwa kaka yake mkubwa, nauliza afya yako, ya shemeji na ya watoto huko Albertville. Je, kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe, ila nyumba ina majonzi, kwa kuwa mama mkwe wangu, mama yake Feza, ametangulia mbele ya haki. Arobaini tumeisoma Ijumaa.

Barua yako ilinichoma, nakwambia kweli. Eti umesikia kwamba permi yangu ya kuendesha ilichukuliwa kwa sababu nilishindana mbio na lori la pamba. Umeniuliza nina akili gani. Nilinyamaza muda wote huu, leo nitakujibu, lakini barua hii isomee chumbani.

Unaikumbuka tukutuku ile nyekundu, pikipiki niliyopelekea barua za posta Kabambare? Ee yaya, raha ya barabara ile asubuhi, vumbi bado limelala, majani marefu huku na huku, na mkono wangu wa kulia usiojua kutulia bila kuongeza moto! Kuku wa watu walinijua. Bwana wa teritwari, yule Mzungu mkubwa wa serikali, aliniita akanionya juu ya mbio zangu, kisha akaniita tena. Mara hiyo aliiweka permi mezani, akaifunika kwa kiganja, akasema nikikamatwa tena itabaki pale pale. Na bila permi, kazi hakuna.

Aliyeniponya ni mama mkwe. Alihamisha shamba lake la karanga akalileta kando ya barabara, na wewe unajua adabu yetu: mwanamume hapiti mbele ya mama mkwe akiwa juu ya chombo. Nilizima mashine, nikashuka, nikaisukuma nimeinamisha kichwa mpaka nimpite. Shida ni kwamba kwa nyuma kila mwanamke mwenye kikapu alifanana naye. Niliwashukia wake za watu njia nzima! Vijijini walinicheka: “Hemedi, ule haiko mukwe yako, ni bibi ya katekista!” Nilikasirika, lakini permi ilikaa mfukoni. Siku hizi nikikumbuka vicheko vile natamani kulia.

Kuzungumza naye hatukuzungumza. Jina langu hakulitamka tangu harusi. Neno lake lilipitia kwa Feza, na langu vilevile.

Sasa sikia. Mwaka juzi, wakati wa mvua, narudi kutoka Kabambare, nikamkuta amekaa ukingoni mwa shamba, mguu umevimba. Nyoka. Feza hayupo, mtu mwingine hayupo. Nikaziambia karanga kwamba mtu akipanda hapa nyuma atafika hospitali. Naye akazijibu karanga kwamba mtu huyo afadhali afe kuliko kumshika mkwe kiunoni. Tulibishana hivyo, yaya, sote tumeangalia chini, mpaka nguvu zikamwishia, akapanda. Nikamfunika kwa turubai la posta, kwa sababu ya manyunyu na ya macho ya watu.

Nilikwenda taratibu. Niliona haya kwa mikono yake, na niliogopa kunyang'anywa permi. Ndipo nikasikia mgongoni: “Hemedi, kimbiza.”

Nikakimbiza. Polisi wa sokoni aliniona nikipita, akadhani chini ya turubai kuna mifuko ya barua. Hospitalini walimwahi. Kesho yake, mbele ya bwana wa teritwari, neno moja lingeniokoa: kwamba nilibeba mgonjwa. Lakini angeuliza mgonjwa gani, na karani angetafsiri kwa sauti baraza zima lisikie. Nikasema nilikuwa na haraka. Lile lori watu wamejitungia wenyewe.

Alipopona alirudi kusema nami kupitia kwa Feza, kana kwamba hakuna lililotokea, akaishi hivyo mpaka mwisho. Mimi sasa nauza chumvi dukani kwa Mzee Nuru, na tukutuku ikipita mkono unajikunja wenyewe. Naumia, siwezi kukuficha. Ila wanaume wengi wamezikwa hapa Kasongo bila kuitwa jina lao na mama mkwe hata mara moja, na mimi niliitwa.

Mpe shemeji salamu zangu, na watoto uwashike kichwa mmoja mmoja kwa niaba yangu. Feza anakuamkia. Mwombeeni marehemu.

Ni mimi mdogo wako,
Hemedi