Kikopo chenye jina la mume wangu

Jumatatu. Jua limewaka mapema Kasese, mlima umejifunika mawingu, na mimi nina jambo la kuungama.

Mume wangu ni askari. Alirudi kutoka Kongo wiki tatu zilizopita, amekonda, tumbo linamsokota. Anakimbilia chooni mpaka majirani wa hapa kambini wamezoea kumpisha. Wiki iliyopita wote waliorudi waliambiwa wapeleke choo zahanati kikapimwe. Akaingiwa na hofu. Jina lake liko kwenye orodha ya kozi ya kupandishwa cheo, na alisikia kwamba mgonjwa anakatwa.

Alhamisi asubuhi akanipa kikopo. "Mama Masika, saidia mimi. Tumbo yako iko sawa. Weka yako."

Nikaweka.

Ningeweza kusema alinilazimisha, lakini ningekuwa naongopa. Hiyo kozi hata mimi naitaka. Nimechoka na chumba kimoja chenye pazia katikati, mtoto upande wa pili, sisi tukinong'ona.

Leo majibu yametoka. Nilikuwa nimesimama kando ya mume wangu nesi aliposema, "Afande, uko na amiba. Dawa ni hii, meza yote." Akauliza kama atakatwa. "Kozi utaenda tu, nani alikudanganya?"

Amiba zangu! Mimi ambaye mwaka huu sijakanyaga ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe hata mara moja. Tulipofika nyumbani nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikakumbuka ni nani anayesonga bundu tangu arudi, ugali wetu wa muhogo, kwa mapenzi yake yote, akitoka chooni na kushika mwiko. Na mwanetu Masika ndiye anayeula kuliko sisi sote. Kicheko kikaniisha.

Mchana akaniwekea vidonge mkononi. Pakiti ina jina lake, ugonjwa uliopimwa ni wangu, na yeye, ambaye jana niliona damu aliyoacha chooni, hakujibakizia hata kimoja. Nilimkasirikia na nikampenda papo hapo. Nimeona aibu pia, maana bila mimi asingefika hapo.

Nimemwambia kesho tunarudi kwa nesi wote watatu, tuseme ukweli, kozi iwe au isiwe. Hakubisha. Amenawa kwa sabuni, kisha akanawa tena bila kuambiwa.

Vikopo vitatu viko dirishani. Majina nimeandika mwenyewe, kila mtu na lake.