Ndugu Niliyemzulia Papa Kabamba

Jumanne, mwezi wa saba. Asubuhi ilikuwa na baridi kavu, upepo ukisukuma vumbi jekundu hadi ndani ya ofisi. Nilivaa sweta mbili. Tangu nirudi nyumbani sihisi chochote, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mfanyakazi wa huduma za jamii hapa Lubumbashi. Leo nilitumwa kwenye nyumba ya wazee iliyo njia ya Kasungami, nikawaambie wazee kumi na mmoja kwamba inafungwa. Barua yenyewe haikusema inafungwa. Ilisema wazee "watarudishwa katika familia zao" kwa sababu ya vipaumbele vipya vya bajeti. Jengo linapewa ofisi nyingine. Magari ya ofisi hiyo yameshaegeshwa uani, viti vyake bado vina plastiki. Unga wa wazee, tangu mvua ziishe, unaletwa na akina mama wa parokia.

Niliisoma barua kwa Kifaransa, kisha nikaieleza kwa Kiswahili chetu. Nilisoma vizuri.

Mama Kapinga, mwalimu wa zamani aliyekuja kutoka Kasai akiwa msichana, alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwana, banasema priorité. Na siye, tuko ya ngapi?"

Nilitazama barua kana kwamba namba imeandikwa humo.

Halafu fomu. Kila mzee alitakiwa kutaja ndugu atakayempokea. Mama Kapinga akamtaja mwanawe aliyevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia miaka mingi iliyopita. Nikamuuliza kama simu ya mwanawe inapatikana.

"Haipatikane tena. Lakini andika. Mi nataka kuona jina yake ku karatasi."

Nikaandika. Akavaa miwani, akalisoma jina lile, akanirudishia fomu.

Wa mwisho alikuwa Papa Kabamba. Alitoka kijijini kwao Lukafu akiwa kijana, akafanya kazi chini ya ardhi mpaka mgodi ulipomchukua mguu. Mke na watoto amewazika wote. Kijijini waliomjua wamekwisha.

"Usiandike uongo, mama. Andika vile iko: Kabamba hana muntu."

Nikaandika hivyo hivyo.

Mkubwa wangu alipopitia fomu ofisini, kidole chake kilisimama hapo. Si mtu mbaya. Baba yangu alipofariki alikaa nasi matangani siku zote tatu.

"Mama, ile kolone ya ndugu haiwezi kubakia bila jina. Rapport inapashwa kufika ku province leo."

"Lakini hana ndugu, chef."

"Muntu yote iko na ndugu. Tafuta."

Nilikaa mezani. Sikutafuta popote. Nilichukua kalamu nikaandika: ndugu yake, anaishi Lukafu. Fomu ilitaka na jina. Jina la kwanza lililonijia ni la marehemu baba yangu. Nikaliandika lote, kwa mwandiko mzuri.



Mkubwa akapiga muhuri. Alhamisi gari litampeleka Papa Kabamba Lukafu, limteremshe na mikongojo yake kwa mtu ambaye hayuko. Anayemngoja huko ni jina la baba yangu, ambaye tulimzika hapa mjini.

Nilirudi nyumbani nikasonga bukari, ugali wetu. Nikala, nikaosha vyombo. Nilingoja machozi kama tunavyongoja umeme urudi, kisha nikaacha kungoja. Nadhani hili ndilo linaloniogopesha: si kwamba niliandika uongo, bali kwamba baada ya hapo nilisikia njaa.

Nilimweleza mume wangu kila kitu, hata jina. Nilidhani atanigombeza kwa kumwingiza marehemu katika mambo haya.

"Kama papa yako ni ndugu yake," akasema, "basi ule muzee ni papa yako."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameshainuka, anapima kwa hatua chumba cha nyuma, kile chenye cherehani yangu.

Kitanda kitaingia. Cherehani itahamia sebuleni.

Kesho, kabla ya kwenda ofisini, nitapitia kwa Papa Kabamba. Nitamwambia nilichoandika baada ya yeye kunikataza, na nitamwomba msamaha. Kisha nitamwomba aje akae kwetu. Anaweza kukataa, ana haki hiyo. Mkubwa akiuliza, nitasema ndugu amepatikana.

Hapo nimepata nafasi ya mtu mmoja. Na Mama Kapinga je? Swali lake sijalijibu, na simu ya mwanawe haipatikani. Fomu zile zina wazee kumi na mmoja, na zote zimeshapigwa muhuri.