Paa la Kunyanyuliwa na Wawili

Kigera,
Musoma, Mara.
14 Septemba 2024

Mpendwa shemeji Sabina,

Salamu nyingi zikufikie huko Tunduru, wewe na Pastory na watoto. Mnaendeleaje? Mguu wako je, umeacha kuvimba? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula. Watu wote wanaoniuliza nawaambia hivyo, ila wewe najua utauliza nakula nini. Asubuhi jirani ananiletea uji. Jioni nasonga ugali mwenyewe, na unatoka na madonge. Dada yako angenicheka.

Barua yako ilinifikia salama. Usijilaumu kwa kutofika msibani. Safari ya kutoka huko si ya mtu mwenye mguu mbovu, na dada yako Gati mwenyewe angekukataza. Nilitaka kukujibu kwa simu, lakini sauti yako na yake ni moja, nikiisikia nakosa la kusema. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Huku mvua bado. Shamba la Suguti nimemwachia jirani alime mihogo, kwa sababu mwaka huu sikuwa na moyo wa kushika jembe. Kazi ya useremala naendelea nayo kidogo kidogo. Nimetengeneza madawati ya shule moja hapa Kigera, na sasa natengeneza kabati la bibi harusi.

Umeniuliza kama dada yako alipata kulala kwa binti yetu Dorah walau usiku mmoja kabla ya kufariki. Hapana, shemeji, hakulala. Nataka nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ni mdogo wake, usije ukasikia kwa watu.

Unajua alivyokuwa na mila yetu hii ya kwamba mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Wengine siku hizi wanalala tu. Hata Chrispin, mkwe wetu, alimwambia siku moja, "Mama, hayo ya zamani, wewe lala." Gati akamjibu, "Ya zamani ni mimi, baba. Wewe nenda kalale."

Dorah alipojifungua Isaya na hali yake ikawa mbaya, mama yake alikuwa akipanda gari la Bunda kila asubuhi na kurudi Musoma jioni. Dorah aliniambia kwamba jua likianza kushuka, mama yake aliposhika mkoba tu, yeye alianza kulia. Gati akamwambia, "Si mimi, mwanangu. Jua ndilo linanifukuzaga." Mara moja alijaribu gesti, lakini alikesha ameketi kitandani, anasema anasikia mtoto analia upande wa pili wa mji.

Wazo nililipata hapo Bunda, kwenye kituo cha mafuta, nilipokwenda kumchukua jioni moja. Liliingia gari la watalii waendao hifadhini, na juu ya mgongo wake kuna kijumba. Yule mwenye gari akasukuma paa, likanyanyuka, na pembeni pakawa na kuta za turubai. Nilimwonyesha Gati. Akatazama mpaka gari likaondoka, akasema, "Watu wanatembea na nyumba yao kama kobe. Mimi hata uwanjani kwa Dorah ningelala, uwanja hauna paa la mtu."

Neno hilo lilinikaa. Chrispin alikuwa amenunua gari jipya, na pikapu yake ya zamani alituachia tuitumie huku Kigera. Nikaanza. Keraryo, yule kijana wa kuchomelea vyuma, alinikatia mabomba ya mraba akaunga fremu. Mimi nikapiga plaiwudi na kuezeka bati jepesi juu. Paa nililifanya lishuke wakati wa safari, upepo usilisumbue, na mkifika mnalinyanyua, mnachomeka misumari minene kwenye nguzo nne. Kuta za katikati zilikuwa turubai, na madirisha yake ni chandarua. Kitanda kilikuwa cha godoro la sponji, na chini yake sanduku la sufuria.

Paa hilo nililiweka la watu wawili. Mmoja upande wa kulia, mwingine kushoto, mnanyanyua pamoja. Keraryo aliniuliza kama tusiweke springi, mtu mmoja aweze. Nikamwambia wa nini, sisi tuko wawili.

Majirani walitufurahia sana. Kila anayepita, "Mzee Magige, kuku wanahamia lini?" Gati anawajibu kutoka ndani, "Jogoo ndiye huyo anapiga nyundo!" Tulipofanya mazoezi ya kunyanyua, yeye alikuwa hangoji. Upande wake unatangulia, paa linakaa upogo, misumari haiingii. Nikisema, "Ngoja basi, Gati," anasema, "Nimngoje mtu anayeamkaga kama mzigo?"

Ikafika siku ya kumaliza. Alishona mapazia ya kitenge, kile cha kijani ulichomtumia wewe. Akapanda, akavua viatu, akajilaza, akatazama nje kupitia chandarua. Alisema, "Magige, mikono yako ibarikiwe." Nami nilikuwa chini nimeshika nyundo, najiona mwanamume kuliko wote wa Mara.

Halafu akajiinua kwa kiwiko. Akauliza, "Pikapu hii si ya Chrispin?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo nimelala mgongoni kwa mkwe wangu?"

Nilicheka, shemeji. Nilidhani ni utani wake. Lakini alivaa viatu, akashuka akishika sketi, na macho hakuyanyanyua. "Nyumbani kwake angalau kuna vyumba," akasema. "Hapa ni kumpanda kabisa. Tafuta gari jingine, mume wangu. Nitangoja."

Sikumlaumu, maana mimi nami nimekulia Butiama kwenye mila hiyohiyo, nilipaswa kulifikiria kabla ya ubao wa kwanza. Nilikuwa nimefikiria paa, nikasahau kilicho chini ya sakafu.

Basi nikaanza kutafuta gari. Niliomba pikapu ya parokia, wakakubali, lakini ni fupi. Nikaenda mwaloni kwa mfanyabiashara wa samaki, gari lake ni pana, kijumba kinacheza. Kile nilikipima kwa pikapu ya Chrispin na hakikukubali nyingine. Nikaanza kuchora namna ya kukikata na kukiunga upya. Mvua za masika zikaja, nikasema zikiisha. Dorah akapiga simu kwamba ni mjamzito tena, mama yake akafurahi, akasema safari hii atakuwa naye usiku na mchana, maana Kobe atakuwa tayari. Ndivyo alivyokiita. Akaanza kuweka vitu vyake mle: birika, tochi, khanga mbili.

Mwezi wa sita aliamka anasema kichwa kinauma. Hakufika mchana.

Tulimzika Butiama, kwenye mji wa baba yangu, kama ulivyosikia. Ila kuna jambo ambalo hawakukusimulia kwa sababu hakuna aliyeliona isipokuwa mimi. Jeneza lilihitaji gari, na gari lililokuwepo ni ile pikapu. Vijana wakafungua nati nne, wakazunguka kile kijumba, wakakibeba na kukiweka juu ya matofali karibu na jiko. Ilikuwa kazi ya muda wa kumeza mate. Kwa safari hiyo hakuna aliyeuliza pikapu ni ya nani, na Gati mwenyewe hakuwepo kuuliza.

Tuliporudi kutoka kuzika, nilishuka nikakikuta pale. Kimesimama. Kinakaa chini, shemeji, kama nyumba yoyote. Si cha Chrispin wala cha parokia. Mlango wake unafunguka, sakafu imetulia, khanga zake mbili zimo ndani. Miezi ile yote nilitafuta gari jingine wakati hatukuhitaji gari, tulihitaji matofali. Kingebebwa na pikapu hiyohiyo mpaka uwanjani kwa Dorah, kikashushwa, basi. Nimekuwa seremala tangu ujana, meza ngapi nimezipa miguu! Na Gati naye, mwenye akili kuliko mimi, hakuliona. Sote wawili tulishika neno gari.

Nilikaa kwenye kile kidaraja cha mlangoni mpaka waliokuja kunihani wakaniinua.

Hilo ndilo linalonisumbua. Kufa ni kwa wote. Ila alikuwa amebakiza kidogo sana.

Mwezi uliopita nilimwita Keraryo akaweka miguu minne ya chuma. Tukakipeleka Bunda, tukakishusha uwanjani kwa Dorah, kati ya jiko na uzio. Ukafika wakati wa kunyanyua paa. Nilisimama upande wangu, na upande wa Gati haukuwa na mtu. Chrispin akasogea, akaliweka bega lake bila kunitazama, kama inavyompasa mkwe, akasema, "Baba, wewe sema." Nikasema haya. Likapanda sawasawa, halikwenda upogo hata kidogo, misumari ikaingia yote. Hapo ndipo machozi yaliponitoka.

Jioni Dorah alileta chai, tukanywa mimi na yeye mlangoni. Jua lilipofika kwenye uzio nikajikuta nimesimama natafuta kofia, kwa mazoea ya jioni zile za kumfuata mama yake. Akanishika mkono. "Baba, kaa. Leo jua halina mtu wa kumfukuza." Nikakaa.

Sasa shemeji, nakuomba. Dorah atajifungua Desemba. Mimi ni mwanamume, kazi ya usiku kwa mzazi siiwezi, na ndugu wengine hana. Wewe ni mama yake mdogo, kwa hiyo na wewe kwa Chrispin huwezi kulala, najua msimamo wako, mmezaliwa tumbo moja. Njoo ulale kwenye Kobe. Kidaraja nitakiongeza kipandio kimoja kwa ajili ya mguu wako. Mapazia ni kitenge chako mwenyewe. Kitanda hakijalaliwa na mtu, hata mimi siku ile nilikwenda kulala kwa katekista wa hapo Bunda. Nilitaka wa kwanza awe mwanamke wa nyumba yenu.

Nisalimie Pastory, umwambie nimemwomba mke kwa wema. Wasalimie watoto wote. Dorah, Chrispin na Isaya wanakusalimu, na Keraryo pia, anauliza una uzito gani ili aangalie miguu ile. Nimemwambia mwanamke haulizwi.

Mungu akulinde njiani na akulainishie mguu. Paa tulilishusha tena kwa ajili ya upepo; ukifika utashika upande wa kushoto, ndio uliokuwa wake. Mimi nitakuwa kulia. Na ukitangulia kunyanyua kabla sijasema, sitakugombeza.

Mimi shemeji yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye,

Magige