Pombe ya Mzee Aliyekatazwa Unga

Jumatatu, 2 Februari

Mayai tena. Bila mkate. Kuku wa mtaa wetu wa Munuki wakiniona wanakimbia.

Hakuna ugali, hakuna kisra ya mtama, hakuna wali, hakuna muhogo. Daktari wa kule Atlabara alisema, sukari yako iko juu, punguza wanga, mzee, ama mguu huu utakutangulia kaburini. Kidonda cha kidole gumba cha mguu kinanuka kidogo tu. Basi nakula kama fisi. Nyama, samaki, majani.

Hayo nimeyazoea. Shida ni Jumamosi. Wakwe wanakuja kutoka Nesitu kumposa Poni, binti yangu wa mwisho. Kwetu baba wa binti ndiye anatia mrija kwanza kwenye chungu cha kwete. Akimeza, wageni wanajua hakuna sumu, hakuna kinyongo. Asipomeza, wanasimama na kwenda zao, binti anabaki. Na kwete ni nini? Mahindi na ulezi. Uji uliokasirika.

Daktari sikumuuliza habari ya pombe. Ambaye hajauliza hajakatazwa.

Jumanne, 3 Februari

Kwa Nalongo, yule Mganda mama wa mapacha, mwenye baa pale stendi ya boda. Mimi nimeendesha lori Mombasa mpaka Juba, nimeonja kila pombe ya njiani. Sijawahi kuchagua kwa kusoma karatasi ya chupa. Leo nimesoma kama padri, miwani puani.

Bia: shayiri. Mkate wa kunywa. Ile ya tangawizi: sukari tupu. Divai tamu: sharubati iliyobatizwa. Divai nyekundu ile kavu ingefaa, lakini inanipasua kichwa. Waragi, ile gongo ya Uganda: hakuna kitu. Moto tu.

"Mzee, hii haina sukari hata kidogo," Nalongo akasema. "Lakini wewe usichanganye na soda."

"Nichanganye na nini?"

"Na maombi."

Nimechanganya na maji na limau. Nyumbani nimejitoboa kidole, kipima sukari kimetoa namba nzuri. Nikamwonyesha Mama Poni. Ita majnun, akasema. Yaani mimi mwendawazimu. Kila siku ananipa cheo hicho.

Alhamisi, 5 Februari

Jana bia moja, kwa uchunguzi. Namba ikapanda kama moshi. Leo waragi. Namba imeshuka chini kuliko siku zote! Nimeshangilia peke yangu chumbani. Nimetetemeka kidogo, jasho shingoni. Joto la Februari hilo. Nimekula kipande cha samaki, ikapita.

Mama Poni anapika kwete uani. Harufu inaingia chumbani bila hodi.

Anasema nimwachie ndugu yangu mrija. Ndugu gani? Wote wamelala chini ya udongo. Nimebaki mimi na mdomo wangu.

Ijumaa, 6 Februari

Mpango huu hapa. Kesho sili kitu, hata yai, ili kwete ikiingia ikute nyumba tupu. Kidonge alichonipa daktari nitameza, maana kidonge ni adui wa sukari. Waragi kabla wageni hawajafika, ishushe zaidi. Halafu mvuto mmoja wa kwete. Akili ya dereva: kabla ya mlima, punguza mzigo.

Naogopa. Jirani alikatwa mguu, siku hizi anashinda kwenye kiti mlangoni akiwatazama wanaotembea. Naogopa kile kiti. Naogopa zaidi macho ya Poni nikimharibia.

Jumapili, 8 Februari

Jana sikuandika. Jana karibu niandikwe mimi, kwenye msalaba.

Niko kitanda cha kliniki. Wageni walifika mchana, wakakaa chini ya turubai. Mzee Lado, baba wa kijana, na suti ya sufu kwenye joto lile. Nikamtania, nikamuuliza kama Nesitu kuna theluji. Hakucheka. Baadaye nikaanza kuona suti mbili. Ulimi mzito. Shati limelowa. Nikasikia wakinong'ona, baba wa binti amelewa kabla ya chungu. Nikashika mrija. Nikavuta, nikameza. Nikaanguka.

Mnywaji wa kwanza! Anameza, anaanguka!

Haya mengine nimeambiwa. Lado ndiye wa kwanza kusimama. "Sumu!" Viti vikapinduka. Mtu akasema kwa sauti, mama wa binti ndiye aliyepika. Na mimi chini, natetemeka kama mbuzi wa sikukuu.

Mama Poni hakupiga kelele. Alitoka jikoni, unga mikononi. Wanawake hupika, lakini kunywa kwenye chungu kile hawasogei. Alipiga magoti, akaokota mrija wangu, akavuta. Akavuta tena. Akamkazia Lado macho, akavuta mpaka povu likashuka ndani ya chungu.

Poni naye alikuwa na kichwa changu mapajani, gauni lake jipya kwenye vumbi. Ananisugua sukari kwenye ufizi. Nilipoanza kumeza, akaninywesha soda kidogo kidogo. Sukari! Ile niliyoikimbia ndiyo ilikuja kunirudisha.

Wageni wakaondoka bila kunywa. Lado hakuaga.

Daktari amenigombeza kama mtoto. "Baba, hukulewa. Ulikuwa unakufa." Kidonge kinashusha sukari, waragi inalizuia ini lisitoe akiba yake ya sukari, na tumbo tupu. Namba ikishuka sana si ushindi, ni shimo.

Poni amekaa mlangoni. Hajanilaumu. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 11 Februari

Nimerudi nyumbani. Hakuna simu kutoka Nesitu. Poni anafua nguo ambazo ni safi.

Nalongo amekuja na trei ya mayai, akalia. Nikamwambia kosa ni langu, maombi sikuchanganya. Hakucheka. Utani wangu umeoza.

Mchana nimempigia Lado mwenyewe. Nikamweleza yote. Sukari, mayai, kidonge, waragi, kidonda kinachonuka. Mambo ambayo sijamwambia mwanamume yeyote.

Halafu akauliza, "Hayo mayai unachemsha ama unakaanga?"

Nikasema nachemsha.

"Mimi nimeshachoka nayo," akasema. "Hata mimi nina sukari. Jumamosi nilikuja nikikiogopa chungu chako kuliko bunduki."

Shetani mzee. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kusimama.

Jumamosi, 21 Februari

Wamerudi. Mama Poni amekaa kiti changu na mrija wangu. Wazee wakanung'unika. Lado akawaambia huyu mama walishamwona akinywa, wanataka nini tena. Mama Poni akavuta. Wakavuta. Poni akaitwa, akaulizwa mbele ya watu kama anamtaka kijana. Akasema ndiyo, kwa sauti ya chini.

Mimi na Lado tulikaa pembeni na samaki wa kukaanga na maji ya limau, kama wajane wawili. Nilikuwa nimekula asubuhi. Leo alikuja na shati tu, bila suti.

Sasa jua linazama. Wageni wamekwenda. Mama Poni amelala kwenye mkeka uani, mdomo wazi, anakoroma. Hakujua kiasi, maskini. Hakuna aliyewahi kumpa kiti kile.

Nimemfunika miguu. Anatoa harufu ya kwete. Nimesogeza kigoda karibu.