Mafuta Ukingoni mwa Tangi

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti la kushoto limepumzika kukutabiria mvua. Mimi ni mzima, ila sijatulia. Chumba nilichopewa kimepakana na bomba linalovuma mchana kutwa, na kazi yenyewe ni ya kuhamahama: leo narekebisha mizani ya kiwanda hiki, kesho ya ghala lile.

Asante kwa kunitunzia mende wangu wanaofoka. Najua uzito wa ombi hilo: muuguzi mkuu aliyewapiga vita mende wodini mpaka akastaafu, sasa awakatie karoti. Kwa kuwa safari ilinikimbiza, narudia masharti. Sponji iwe na maji daima. Trei za mayai usizitoe, ndimo wanamojificha. Dawa ya kupuliza isiingie chumbani humo kamwe. Ukifunua kifuniko cha tangi watakufokea kama nyoka, lakini hawaumi. Wanasukuma pumzi kupitia vitundu vya ubavuni, basi.

Nitarudi kuwachukua mkataba ukiisha.

Kitindamimba wako

17 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Goti linaendelea kutabiri, na bado halijakosea. Hapa ni salama.

Wamenifokea. Nimewahi kusonywa na wagonjwa, na hata na daktari mmoja. Na mende, hii ni mara ya kwanza. Yule dume mwenye pembe nimempa jina la Jemadari. Jike mwenye tumbo ni Mama Mkubwa. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alipanda kuwaona, akasimama mlangoni. “Matroni, wewe wa kufuga mende? Si ulikuwa ukiwaua kwa kuwatazama tu?” Nikamjibu kwamba hawa ni wageni wa mwanangu. “Basi, wageni hao wana adabu kuliko wateja wangu,” akasema. “Wangu hufoka hata sijawagusa.”

Tangi uliliacha katika hali isiyosemeka. Ukingo wote wa juu ulikuwa na utepe wa mafuta, kioo kizuri kimechafuliwa bure. Nimeufuta kwa maji ya moto na sabuni, sasa kinang'aa. Kila asubuhi naondoa kifuniko wapate hewa. Hewa safi ndiyo dawa ya kwanza.

Jambo moja nimeliona. Kabla ya mende uliniandikia mara moja kwa mwaka, kwa haraka ya mtu anayeshuka ngazi. Safari hii barua imefika hata shuka zako sijazikunja. Sichunguzi sababu. Dawa ikifanya kazi, haiulizwi rangi yake.

Mama yako

1 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe nisipouliza mengine. Utepe ule si uchafu! Ni mafuta ya mgando, niliyapaka mwenyewe. Mende hawa hupanda kioo bila taabu. Wakifika kwenye mafuta huteleza na kurudi chini. Nilikuagiza kila kitu nikasahau hilo. Tafadhali paka ukingo leo leo, na mpaka hapo kifuniko kisibanduke.

Nijibu upesi.

Kitindamimba wako

6 Aprili

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandamwa na mafua.

Ukingo nimeupaka. Wote wapo. Jemadari juzi alimpiga kijana mmoja kwa pembe akambiringisha hadi kwenye sponji. Na kuna habari njema: Mama Mkubwa ametaga. Kifuko cha mayai ni cha kahawia, amekibandika pembeni mwa trei, nami nakilinda kama mtoto njiti.

Fundi cherehani hajambo, ingawa siku hizi hapandi kwangu.

Niandikie. Usingoje jambo.

Mama yako

20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa mafua. Mimi nimehama tena. Chumba kipya hakina bomba, kina harufu ya rangi.

Hongera kwa Mama Mkubwa. Mayai yakianguliwa, nieleze kila kitu.

Msimamizi anataka niongeze mkataba. Nimemwambia anisubiri, kwa sababu nyumbani kuna mende wananingoja. Karakana nzima iliangua kicheko. “Wenzako huacha wake,” akasema, “wewe umeacha mende?” Nami nilicheka, lakini sikutia sahihi.

Kitindamimba wako

11 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mafua yameisha.

Wameanguliwa. Walitoka weupe kama punje za mchele, na kabla ya jua kutua wakawa wamekolea rangi. Mama Mkubwa anawafunika kwa mwili wake, na Jemadari anazunguka nje kama mume aliyezuiwa kuingia wodi ya wazazi.

Kuhusu mkataba, amua kama mtu mzima. Mimi sijawahi kumwomba mtu abaki, wala arudi. Kazi ni kazi.

Mama yako

30 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo goti? Nimekaa kimya mno, lakini haikuwa hasira.

Mende wa aina hii hawabandiki mayai popote. Huyaweka tumboni, na watoto huzaliwa wakiwa hai. Kwa hiyo tangu Aprili nilijua kwamba tangi ni tupu, na kwamba onyo langu liliwakuta wameshatoka. Kosa ni langu. Nilikumbuka sponji nikasahau ukingo. Niliendelea kuuliza kwa sababu katika barua zako walikuwa hai kuliko nilivyowaacha.

Msimamizi sasa amechoka kunisubiri. Nimehama vyumba, na hakuna hata kimoja ambamo nimefungua sanduku lote. Kisingizio changu cha kurudi kilikuwa mende. Nikiulizwa leo narudi kufuata nini, niseme nini?

Kitindamimba wako

9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti hajambo.

Ni kweli. Walitoka asubuhi, nikiwa nimewafungulia hewa. Fundi alimkuta Jemadari kwenye droo ya cherehani, akafokewa, naye akawaita wapulizia dawa. Jengo zima lilipuliziwa. Niliwaokota ngazini kwa glavu, mmoja baada ya mwingine, kama zamani kazini. Ila kazini sikuwahi kukaa chini baada ya kumaliza.

Yaliyobaki nilikutungia. Niliogopa kwamba mende wakiisha, na barua zitaisha.

Fundi amerejea kupanda. Jana aliuliza, “Matroni, tangi la nini tena?” Nikamwambia halimhusu. Nimelipaka mafuta ya mgando ukingoni, kama ulivyoagiza. Halina kitu ndani. Sijui namzuia nani asitoke.

Sina mende wa kukurudishia, na sababu nyingine sitakutungia. Utungaji wangu umeuona.

Njoo bure.

Mama yako