Kalamu Nyekundu ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi

Naandika hapa huku Shangazi anafundisha. Nyumbani ni Shangazi. Humu darasani ni Mwalimu wa hesabu, na ole wangu nikisahau. Leo wiki ya tano tangu tufanye jaribio. Kuna aliyerudishiwa karatasi? Hakuna! Anasema anasahihisha "kwa makini". Makini gani? Mimi ndiye ninayefagia sebule. Zimo kwenye mfuko chini ya meza ya televisheni, na juu yake kaweka pasi. Ubaoni sasa anarudia hesabu za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko": anagawa kwa namba hasi, anapiga kelele alama, alama. Sisikilizi. Mambo mepesi haya.

Jumatano, 5 Machi

Tangazo. Ijumaa ijayo jaribio jingine, na hilo ndilo litakaloamua nani anaingia mkondo wa sayansi. La kwanza hatujaliona! Tutajuaje tulipokosea — kwa ndoto?

Darasa zima linanitolea macho mimi. Polepole — tunamwita hivyo kwa vile kalamu yake inatambaa — kanishika mkono wakati wa mapumziko. Anataka uuguzi, na bila sayansi uuguzi hakuna. Mwambie shangazi yako anipe hata yangu peke yake, sijui nakosea wapi. Nikasema sawa. Moyoni: unakosea kote, dada.

Nilimwambia Shangazi akiwa anatazama tamthilia. Kaniuliza tangu lini nimekuwa mkuu wa shule.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi kaenda saluni, na akitoka huko ana kikao cha harusi. Nikauvuta mfuko. Karatasi thelathini na nane, hata moja haijaguswa! Kalamu nyekundu imo humo humo, kofia haijawahi kufunguliwa.

Nimezisahihisha zote. Asubuhi hadi saa kumi, mgongo hauna hali. Na si tiki tupu, kila mtu nimemwandikia. "Soma swali kwanza, halijakutukana." "Hapa ulikuwa sawa, ukaogopa, ukafuta. Acha woga." Yangu nimeikata maksi mbili, nisionekane najipendelea. Sasa hii ndiyo kazi ya wiki tano? Wavivu wakubwa, wanalipwa kubeba chaki!

Polepole — masikini. Swali zima la nne, kila akigawa kwa namba hasi kageuza alama: "kubwa kuliko" yake inakuwa "ndogo kuliko". Kayaota wapi haya? Mimi sikugeuza, na wengi hawakugeuza. Nimemwandikia kwa herufi kubwa apate kuelewa: USIGEUZE ALAMA. IACHE ILIVYO. FANYA HIVYO TU, UTAFIKA.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi aliuona mfuko jana. Nikakiri. Kapindua karatasi mbili, kapiga mwayo, kasema nimempunguzia mzigo ila mdomo wangu niufunge. Hakukagua hata moja!

Leo kazigawa kwa madaha kana kwamba vidole vinamuuma. Darasa kimya, kila mtu anasoma yake. Mkuu kapita, kachungulia dirishani, kasema huku ndiko kusahihisha, na walimu wengine waje kujifunza. Shangazi kainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nusura nitapike.

Polepole kayanakili maneno yangu kwenye jalada la daftari. Anasema ni mara ya kwanza mwalimu kumwandikia kitu zaidi ya "jitahidi". Nimeona fahari, siwezi kujidanganya.

Ijumaa, 14 Machi

Jaribio. Rahisi mno. Polepole kamaliza kwa wakati, tena kanichekea.

Jumatano, 19 Machi

Mkuu anataka orodha, kwa hiyo Shangazi kasahihisha mwenyewe. Muujiza! Nilikuwa napanga vyombo mezani aliposema: huyu Polepole kapatwa na nini? Kila penye kugawa kwa hasi kaiacha alama vilevile. Kakosa kuingia kwa maksi tatu tu. Nani kamfundisha ujinga huu?

Kisha kanigeukia. Na wewe umefanya hayo hayo, shukuru maswali mengine yamekubeba.

Sahani ilinitoka mkononi. Haikuvunjika.

Nimefungua kitabu. Kanuni imo ndani ya kisanduku, kwa wino mzito: ukigawa kwa namba hasi, alama inageuka. Polepole alikuwa sawa. Tangu mwanzo alikuwa sawa! Mimi ndiye niliyemtoa kwenye njia, tena kwa herufi kubwa.

Alhamisi, 20 Machi

Orodha inabandikwa kesho. Nilipanga kumwambia Shangazi wakati wa chai. Nikanywa chai. Nikapanga kumwambia njiani. Tukafika shule. Mdomo wangu huu, unaomsema kila mtu, leo umekuwa wa jiwe.

Saa kumi na moja jioni. Polepole yuko sebuleni! Kaja mwenyewe na daftari lake, namsikia hapa nyuma ya pazia. Halalamiki, na hilo ndilo linaloniua. Anamshukuru Mwalimu kwa kumwandikia, halafu anauliza kwa adabu: nilifanya kama ulivyoniambia, sasa nimekosea wapi tena?

Shangazi kaomba daftari. Anasoma jalada.

Akinitaja mimi, mkuu atajua. Akisema kaandika yeye, ni lazima ampe maksi zake. Sema, Shangazi. Sema lolote kati ya hayo.

Kasema! "Ni mimi niliyeandika. Lakini nilikuandikia kwa swali lile tu. Kwingine ulitakiwa utumie akili yako."

Muongo! Muongo mkubwa, na uongo wenyewe nimemkabidhi mimi.

Na Polepole anajibu — namsikia vizuri — "Samahani, Mwalimu. Sikuelewa."

Anaomba samahani. Yeye! Kiti kinasogea, anaaga. Nimesimama, mkono wa kushoto umeshika pazia, na wa kulia bado unaandika, kwa kalamu nyekundu hii hii niliyomwandikia Polepole.